Wasia Uliopaliwa Makaa

Neno bichi halitupwi, hupaliwa.

Ndiyo, nimesema, na narudia. Mmeingia humu mnacheka mpaka mnashika mbavu, mnasimuliana habari za Bi Chausiku wa hapo jirani. Mmekwenda kumjulia hali, mgonjwa wa watu, akawaambia "nipeni mlango, nipeni mlango," nanyi mkamwacha na mlango wake mkatoka. Sefu anauliza aung'oe mlango ampelekee kitandani? Haya. Nimewapa methali, sasa mnanikodolea macho. Na Rehani, kama kawaida yake, ndiye wa kwanza kufungua kinywa: "Bibi, neno linapaliwaje? Kwani linakunywa maji?"

Watoto wa siku hizi mkisikia kupaliwa mnajua kukohoa tu. Mkiwasha gesi yenu mnadhani moto hukaa chini ya sufuria na hauna kwingine pa kwenda. Kupalia, wajukuu zangu, ni kuchukua makaa ya moto ukayatandaza juu ya kifuniko, chakula kikapata moto wa chini na wa juu. Wali hupaliwa. Mkate wa kumimina hupaliwa. Na neno nalo hupaliwa. Sefu, shusha mguu huo. Kaeni niwaambie methali hii ilikoanzia, maana haikutoka mbali. Ilitoka jikoni kwa mama yangu mzazi.

Babu yangu mzaa baba aliitwa Mzee Kaniki. Kwake kulikuwa milimani Usambara, juu kabisa ya Lushoto, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila hodi. Ujanani mwake alikuwa mpishi katika nyumba moja ya wageni, walikofikia watu waliokimbia joto la pwani. Alipika huko mpaka mvi zikamwota. Lakini akirudi nyumbani, mwiko hakuugusa. Mwanamume wa enzi zile aonekane jikoni kwa mkewe? Angetungiwa nyimbo! Alikuwa akivua aproni yake kulekule kazini, na habari za kupika akaziacha hukohuko. Mkewe alifariki hajui mumewe alikuwa akiwapikia nini wale wageni. Watoto wake nao hawakujua. Kitu kimoja tu alikileta kutoka kule: kokwa la fyulisi, nyie mnaita pichi. Alilifukia nyuma ya nyumba, likaota, ukawa mti mkubwa, na watoto wa kijiji wakawa wanarushiana matunda yake kabla hayajaiva.

Uzeeni akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, mkono na mguu, hata mdomo ukaenda pembeni. Na ulimi ukafungwa. Mtu aliyekuwa akikusalimu tangu ng'ambo ya bonde, na ukamsikia, akawa anatoa sauti za kuguna tu. Ilikuwa huzuni, wanangu, msifanye mchezo.

Shangazi yangu Hiyari, binti yake mkubwa, akarudi kutoka kwa mumewe kuja kumuuguza baba yake. Shangazi alikuwa na mapenzi, hilo halina ubishi. Alimwosha, akamgeuza, akamfulia bila kukunja uso. Akamsongea ugali laini, akamtia tonge mdomoni. Mzee akapaliwa. Hapo sasa, Rehani, ndiko kupaliwa kwako: alikohoa mpaka macho yakataka kumtoka na uso ukawa mweusi. Wakampiga mgongo hadi akapata pumzi. Wakasema basi, ugali ni mzito, tumpe uji mwepesi. Kumbe uji ndio mbaya zaidi, ulimpitia njia isiyo yake, na safari hiyo kidogo tu waanze kulia.

Tangu hapo, chakula kikiletwa, mzee anafunga mdomo na kugeukia ukuta. Kijiko kikimgusa midomo anatikisa kichwa. Shangazi akatoka nje na bakuli lake, akaketi barazani, akalia.

"Baba amekata chakula," akasema. "Amechoka na dunia."

Na mtu mzima akikata chakula, watu walijua kinachofuata. Habari ikateremka bondeni, ikapanda ng'ambo ya pili: Mzee Kaniki anaaga.

Kilichokuja kuwathibitishia ni neno. Asubuhi moja shangazi alikuwa ameketi kitandani anamsihi, baba kula, baba hata kidogo. Mzee akamtazama, akakusanya nguvu zake zote mdomoni, akatoa: "Kaa... stadi." Akapumua. Akarudia: "Kaa... stadi."

Bakuli likamponyoka shangazi. Akatoka mbio hadi kwa baba yake mdogo, Mzee Shemhilu. Huyu alikuwa ndugu yake babu, mtu wa maneno, hapakuwa na harusi wala msiba pale kijijini aliokosa kuusemea. Akaja, akavua kofia, akaweka sikio kwenye mdomo wa kaka yake. "Kaa... stadi." Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mmesikia?" akasema. "Kaka yangu ametoa wasia. Kaa stadi! Anatuambia tukae kwa ustadi, tusiishi ovyo ovyo kama watu wasio na mzee. Loo! Mtu yuko ukingoni mwa kaburi na bado anatulea."

Basi, ukoo ukaitwa kupokea wasia. Wakaja wa karibu na wa mbali, wakipanda mlima na bakora zao na vitoto mgongoni. Kila aingiaye anaushika ule mkono wa kushoto uliobaki mzima, anasema, "Tumesikia, baba. Tutakaa stadi." Mzee anatikisa kichwa kwamba sivyo. Mzee Shemhilu anawaeleza wageni, "Mnaona? Anasikitika kutuacha." Mzee anapiga godoro kwa mkono mzima, "Kaa! Kaa!" na watu wote waliosimama wanaketi chini kwa adabu. Hata aliyekuwa mlangoni anaketi kizingitini.

Chekeni, chekeni. Hata mimi hucheka. Lakini ndani ya chumba kile mtu alikuwa anakufa njaa, na watu wamemzunguka wanamshukuru.

Sasa, mama yangu. Mama aliitwa Mwantumu, mwenyeji wa Korogwe, kule chini kwenye joto, na ndiyo kwanza ameolewa na mtoto wa mwisho wa Mzee Kaniki. Baba yangu alikuwa kazini kwenye mashamba ya mkonge, hajapata ruhusa ya kurudi. Mimi nilikuwepo, ila sikuona kitu, nilikuwa tumboni. Na kule kwetu mkamwana na mkwe waliheshimiana, si kama nyie mnaotumiana vikatuni kwenye simu. Mkamwana haingii chumbani kwa baba mkwe. Hamlishi kwa mkono wake, wala hamtazami usoni. Mahali pa mama palikuwa jikoni, na kazi ilikuwepo, maana wale wapokea wasia, Mungu awarehemu, walikuwa wanakula!

Jiko la nyumba ile lilikuwa la uani, limetazamana na chumba cha mzee, mlango kwa mlango. Siku hiyo walikuwa wamemgeuza mgonjwa upande wa uani apate hewa, na mlango wake umeachwa wazi. Mama amepika wali wa wageni, maji yamekauka, akachota makaa kwa koleo na kuyatandaza juu ya kifuniko. Mara akasikia kutoka chumbani: "Kaa!"

Akaketi, kama walivyokuwa wakiketi wengine wote.

"Kaa! Kaa!"

Ameshaketi, akae wapi tena? Hapo akasahau adabu, akainua macho. Mzee alikuwa amenyoosha mkono wake wa kushoto. Na kidole hakikumwelekea yeye mama. Kilielekea juu ya kifuniko.

Shangazi Hiyari naye akaona. "Kumbe ni makaa!" akasema. "Baba anasikia baridi, jamani, na sisi tumekaa tu!" Akajaza makaa kwenye kigae, akayapeleka chumbani, akayaweka karibu na kitanda. Mzee akayatazama yale makaa sakafuni. Akafumba macho, na chozi likamtoka likaingia sikioni.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mzee amepewa makaa, mambo yamekwisha. Lakini mama aliliona lile chozi kutoka jikoni, likamkaa moyoni. Akawa anaondoka na neno lile na kurudi nalo, huku anapakua wali, huku anaosha masinia. Kaa stadi. Kama si kukaa, ni kaa la moto. Na kaa la moto lililo stadi ni lipi? Si hili la chini, akajijibu. La chini kazi yake ni kuchemsha, hata mtoto mdogo anaweza kulichochea. Kaa stadi ni la juu, maana ndilo linaloivisha bila kuunguza. Baba hakuonyesha makaa ya sakafuni, ameonyesha ya kwenye kifuniko. Baba anataka kitu cha kupaliwa.

Mama akaacha sinia kwenye maji. Baba anataka chakula!

"Bibi!" Sefu huyo, hawezi kujizuia. "Si kastadi hiyo! Alikuwa anasema kastadi!"

Tulia, mtoto wa kopo wewe. Wewe kastadi umeikuta dukani imetiwa kwenye kopo na picha yake juu. Mama yangu hakuwahi kulisikia jina hilo tangu azaliwe. Hakuna aliyelijua nyumba nzima isipokuwa mwenyewe, na mwenyewe ulimi umefungwa. Mama alidhani kaa ndilo stadi, na alikosea. Na kosa lake lile lile likamchukua likampeleka penyewe.  Mungu humwongoza mja wake kwa njia asiyoijua.

Akafuta mikono, akamfuata shangazi barazani, mbele ya watu.

"Wifi," akasema, "baba hajaaga. Baba ana njaa."

Shangazi akageuka kama aliyechomwa mwiba. "Mwantumu! Ninayemlisha ni mimi. Kijiko nampelekea mimi, mdomo anaufunga mbele yangu. Leo wewe wa jikoni uniambie siijui njaa ya baba yangu?"

"Anafunga mdomo kwa kuogopa, wifi. Ugali ulimpalia, uji ukampalia. Ungekuwa wewe ungefungua?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Naomba nimuulize."

Watu wakaguna. Mkamwana amuulize mkwe! Mzee Shemhilu akagonga bakora chini. "Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole lakini ya mtu aliyekwazika, "wasia wa kaka yangu umekwishawafikia jamaa zote mpaka Mombo. Leo twende tukawaambie alikuwa anaagiza mlo?"

"Kama ni wasia, baba mdogo, utabaki kuwa wasia. Swali haliui."

Akavua khanga ya begani, akaitandika chini mbele ya mlango wa mzee, nje ya kizingiti, ili asivunje mwiko wa watu. Akapiga magoti juu yake na mimi tumboni. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba. Nisamehe, nina swali. Ni chakula?"

Mzee alikuwa amegeuza tena uso ukutani. Taratibu sana akageuza kichwa. Akawatazama watu wote waliojazana pale, akamtazama yule mkamwana aliyepiga magoti mlangoni, akaitikia kwa kichwa.



"Kinapaliwa makaa juu?"

Akaitikia, akaitikia tena, akawa haachi kuitikia.

"Ni nyama?"

Hapana.

"Ni mkate?"

Mkono ukayumba, kama anayesema karibu, lakini sivyo. Kisha akaunyoosha kuelekea dirisha la nyuma. Kule dirishani ulikuwa umesimama mfyulisi wake, na matunda yalikuwa yameiva kwelikweli, manjano yenye wekundu shavuni, mengine yameanguka yanaliwa na kuku. Akaonyesha matunda. Akaonyesha kuku. Akafanya duara kwa kidole gumba na cha shahada. Yai. Akaushusha mkono kitandani, akaanza kukamua kitu kisichokuwepo, vuta, achia, vuta, achia. Maziwa.

Shangazi Hiyari akaketi sakafuni bila kuambiwa kaa. "Baba," akasema, "una njaa, baba?"

Mzee Kaniki akalia kwa sauti. Shangazi akamkumbatia miguu, akalia naye. "Nisamehe, baba yangu. Nisamehe. Nimekukalisha na njaa mbele ya chakula." Na wale waliokuja kupokea wasia kila mmoja akawa anatazama vidole vya miguu yake.

Hapo ndipo yalipotokea mambo ambayo wazee wa kule walikuwa wakiyasimulia mpaka wanakufa. Wanaume wakambeba mzee na kiti chake cha kamba, wakampitisha uani, wakamwingiza jikoni. Mtu ambaye maisha yake yote hakukanyaga jiko la nyumbani kwake aliingia amebebwa, kofia kichwani, akawekwa karibu na mafiga. Na alipokaa pale, wanasema, akabadilika. Mgongo ukanyooka. Macho yakawa makali. Akaanza kulitazama jiko la mama yangu na kukunja uso, hii sufuria imeshika masizi, hiki kisu hakijanolewa. Mgonjwa amepotea, amekuja mpishi.

Hakuwa na neno la kusema, ila alikuwa na mkono mmoja. Mama akawa mkono wake wa pili.

Alimwonyesha sufuria ndogo, aipake samli. Mama akamenya mafyulisi, akayakata vipande, akavipanga chini. Mzee akainama, akakigeuza kimoja kwa kidole, kwamba hivi, tumbo juu. Mama akapiga mayai na sukari, mzee akimpa mwendo kwa kugonga paja: taratibu, taratibu, usilete povu jingi. Unga wa ngano kidogo tu. Iliki iliyotwangwa. Maziwa yakapashwa moto kwenye birika, na mama akataka kuyamimina kwenye mayai vilevile yanavyofuka. Mzee akatoa ukelele. Akaligusa birika kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa. Mama akangoja. Akagusa tena. Bado. Mpaka maziwa yakawa vuguvugu la kumwogeshea mtoto mchanga, ndipo akaitikia. Yangekuwa ya moto, mayai yangeganda mabonge, na mabonge yangemrudisha kulekule kwenye kupaliwa. Nyie mnajua hayo kwa kusoma. Mama yangu aliyajua siku ile kwa kifundo cha kidole cha baba mkwe wake.

Akamimina ule mchanganyiko juu ya matunda mpaka yakazama, hayaonekani. Akafunika. Akachochea moto chini, kama anavyopika siku zote.

"Kaa!" Mkono ukaelekea juu.

Mama akaelewa. Akapunguza chini, akabakiza kidogo, yale mengi akayatandaza juu ya kifuniko. Kisha wakangoja. Na kungoja huko, wanangu, watu waliokuja na hotuba zao walingoja kimya, wamejipanga uani, hakuna anayejua kinachopikwa kina sura gani.  Mama akaona labda kinaungua, akanyoosha koleo ainue kifuniko achungulie.

"Kaa!"

Safari hii, kweli, ilikuwa ni kukaa. Mama akaketi. Mzee akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo wake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke kucheka.

Halafu harufu ikaanza. Kwanza iliki, nyuma yake maziwa matamu, halafu lile tunda. Ikatoka jikoni ikawafikia watu uani. Mzee Shemhilu alikuwa katikati ya neno, akalisahau. Mwanamke mmoja akasema, "Subhanallah, ni nini hiki?"

Mzee akainua kidole. Mama akaondoa makaa moja moja, akapangusa majivu, akainua kifuniko.

Mama alinisimulia mara nyingi, na kila mara akifika hapa huteremsha sauti. Alikuwa amemwaga maji maji mle ndani, maziwa tu na mayai. Alichokikuta kilikuwa kimesimama. Kimesimama na hakijawa kigumu, ukiigusa sufuria kinatikisika chote. Juu kilikuwa rangi ya dhahabu, kimejaa mpaka ukingoni. Na vile vipande vya fyulisi alivyovizamisha kwa mkono wake mwenyewe vilikuwa vimepanda juu vyenyewe, hakuna aliyevigusa, vimetokeza vinawatazama. Watu wakasukumana kuona. Mmoja akasema Allahu Akbar.  Mama akamtazama baba mkwe wake usoni, waziwazi, na mzee akamtazama yeye, na hapakuwa na aliyeona vibaya.

Mzee akadai kisu. Akachoma katikati kwa ncha, akakitoa. Kilikuwa safi. Akaitikia.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa bado, na kila mtu alilijua. Shangazi akachota kijiko kimoja, akakipuliza. "Baba, naogopa," akasema. "Kikikupalia tena?" Mzee akafungua mdomo mwenyewe. Shangazi akakitia. Uani kote watu wanatazama koo la mzee mmoja. Mdomo ukafunga. Ukatafuna kidogo, kwa ule upande mzima. Koo likapanda.

Likashuka.

Hakukohoa. Si ugali wa kukwama, si uji wa kukimbia. Kiliteleza kwa upole mpaka kilikokuwa kinakwenda. Mzee alikuwa anajua tangu mwanzo. Kule nyumba ya wageni, mtu akiugua akashindwa kumeza, aliyekuwa akiitwa ni yeye, na alichokuwa akipika ni hicho.

Akafungua mdomo tena. Na tena. Kijiko cha ngapi sijui, maana hakuna aliyehesabu, akafumba macho, akasema polepole, neno zima bila kulikata katikati: "Kastadi."

Ndipo walipolijua jina lake.

Alipotosheka akaonyesha watu kwa mkono, wapewe wote. Ilikuwa sufuria ndogo, kila mmoja alipata kwa ncha ya kijiko, na wengine walilia kwa ncha hiyo. Mzee Shemhilu akaonja, akaonja tena kijiko kikavu. "Kumbe wasia una iliki," akasema, na watu wakaangua kicheko ambacho nyumba ile haikukitarajia.

Kisha akamgeukia mama. "Mwanangu, neno lile sote tumelisikia. Mimi nimeliwekea sikio mdomoni. Wewe ulilisikiaje?"

"Nililisikia bichi kama ninyi, baba mdogo," mama akasema. "Nyinyi mlilipakua. Mimi nikalipalia."

Mzee Shemhilu, si nimewaambia alikuwa mtu wa maneno? Akasimama, akavaa kofia yake vizuri, akawaambia watu waliokuwa wamepanda mlima kutoka kila upande: "Basi, jamaa zangu, msirudi mikono mitupu. Ule wa kwanza uacheni hapahapa. Wasia ndio huu: neno bichi halitupwi, hupaliwa." Na kwa ule mdomo wake, kabla mwezi haujaandama ulikuwa umeshafika Mombo, Korogwe na Tanga.

Babu hakufa. Alikula kastadi ya mkamwana wake, baadaye mtori, baadaye hata ugali ukakubali. Maneno yakamrudia moja moja. Mimi nilipozaliwa alinipakata kwa ule mkono wa kushoto, na wanasema aliniita jina langu kabla baba yangu hajalitamka. Namkumbuka. Alikuwa akikaa jikoni na mama, kofia kichwani, wanabishana kuhusu moto.

Hayo ndiyo yenyewe. Sasa mbona kimya? Sefu, wewe uliyetaka kung'oa mlango?

"Bibi," anasema Rehani, taratibu, hatanii tena. "Kitanda cha Bi Chausiku wamekihamisha. Zamani kilikuwa kinaelekea mlangoni, alikuwa anatuona tukipita kwenda shule, anatuita. Sasa kimeelekezwa ukutani."

Mimi sijui, mjukuu wangu. Huenda ndiyo, huenda sivyo. Mimi sikuwa na Bi Chausiku leo, mlikuwa naye nyinyi. Nendeni mkapige magoti mumuulize. Na wewe Sefu mfuate mwenzio, una nguvu, kitanda hakijisukumi. Nenda, viatu utavaa njiani.

Neno bichi halitupwi, hupaliwa.